Kaditama ya Bi Zamzam

Hivi wewe, wenzio wakuchangie diwani ya mashairi yako yote ungali hai, ungethubutu kununa? Bi Zamzam alinuna. Mwanakombo, shoga yake, alikuwa amemsomea mpango mzima wa kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, palipoandikwa KADITAMA kwa wino wa kijani, kama mtunzi afungavyo shairi lililokwisha.

"Mbona huli kaimati? Jalada baya?"

"Zuri."

"Karatasi nyepesi?"

"Nzuri, shoga yangu."

"Basi sema, au niwarudishie wenzio michango yao!"

Bi Zamzam akalamba kidole, akalifikicha neno lile mpaka ukucha ukawa kijani.

"Niachieni kurasa tatu tupu hapa," akasema. "Jana nimeanza jingine. Lina ubeti mmoja na nusu."