Ghorofa la Kuta Zinazosogea

Nawaandikia nyinyi wa mitaa ambayo bado haijapiga kura. Sisi wa Kichangani tulilikubali ghorofa, na sasa tunakaa humo. Ni zuri, maji hayakatiki. Ila kuta zake zinahesabu waliolala. Mtu asipolala kwake wiki nzima, ukuta unasogea, nafasi yake anapewa jirani.

Kwenye mkutano wa kura niliuliza, "Na mtu akisafiri?"

Mwenyekiti akanijibu, "Mama Siwema, nani anakufukuza? Usisafiri!" Watu wakacheka, mikono ikanyooshwa.

Mwanangu Siwema ameolewa mbali, naye anakaa kwenye ghorofa kama hili. Alipopata mimba ya kwanza nikamwambia aje nimlee arobaini yake, kama mama yangu alivyonilea mimi.

"Nikirudi na mtoto nitamlaza wapi, mama? Kwenye sinki?"

"Basi nitakuja mimi."

Akaniuliza, "Na chumba chako?"

Jana alijifungua mtoto wa kike. Hajui hata kumwogesha, ananiuliza kwenye simu huku mtoto analia. Nimeshafungasha kanga za mjukuu wangu. Nimekaa kitandani, mfuko uko mapajani, nautazama ukuta.