Kizito Humeza Vyepesi

"Na sufuria ya Mama Rébecca?" juje wa korti aliuliza.

"Ni mie," akajibu Constant, akitabasamu kama bwana harusi.

Hema zima likacheka. Siku hiyo korti ilikuwa imeketi uwanjani Lumumba ili watu wajionee haki kwa macho yao, na nusu ya Bunia ilikuwa imekuja. Constant alishtakiwa kwa ng'ombe mmoja tu wa Donatien, yule tajiri ambaye ng'ombe wake hula maharagwe ya watu bila kupiga hodi. Sasa kila aliyewahi kupotewa na kitu alikuwa amepanga foleni.

"Redio yangu?"

"Ni mie."

"Na kengele ya kanisa?"

"Ile nayo ni mie. Ilikuwa na uzito, mama yangu!"

Siku za mwizi ni arobaini. Za Constant, watu walisema, zimefika zote kwa mpigo.

Kwenye benchi la mbele, Glodie alikuwa analia na kucheka pamoja. Alimpenda sana mjinga huyu. Lakini baba yake, Papa Paul, alikuwa ametoa neno lake: bila ng'ombe wa mahari, hakuna binti. Na Jumamosi mchuuzi wa dhahabu kutoka Mongbwalu angefika na ng'ombe wake mnene. Constant alikuwa amekaa rumande mwaka mzima. Wakimrudisha ndani leo, Glodie angeolewa na dhahabu.

"Funga kinywa!" alimpigia kelele. "Weye iko na kichwa kweli?"

Wakili wa Constant, Maître Geneviève, alitazama paa la hema. Gerezani alikuwa amemweleza Constant kwamba makosa yakihukumiwa pamoja, vifungo hutumikiwa pamoja, na kile kizito humeza vyepesi.

"Hata kama iko mingi?" Constant alikuwa ameuliza.

"Hata kama iko mingi."

Jioni ile Constant aliimba mpaka walinzi wakamwomba anyamaze.

Papa Paul naye alikaa wima, kofia magotini. Watu walimstaajabia. Mwaka mzima, kila Jumapili, alimpelekea Constant gerezani sahani ya sombe na nyama. "Binti anamunyima, nyama anamupatia," walisema. "Huyu muzee ni mukristo wa kweli."

Juje akasimama kusoma hukumu. "Ng'ombe, mwaka mmoja. Kengele, miezi sita. Redio, miezi mitatu. Sufuria..." Alisoma hadi sauti ikakauka, akaomba maji, akaendelea. Mama mmoja aliyekuwa akijumlisha kwa vidole alilazimika kuazima vya jirani. Glodie akafunika uso kwa kitenge.

"Adhabu hizi zote," juje akamalizia, "zitatumikiwa kwa wakati mmoja. Jumla, mwaka mmoja. Na huo umekwisha kuumaliza rumande. Nenda nyumbani."

Vigelegele! Askari aliyemshika Constant alipiga makofi pamoja na wengine, akakumbuka baadaye kwamba amemwachilia. Glodie aliruka benchi, kiatu kimoja kikabaki huko huko.

Nje ya hema, Ephraïm, mume wa Mama Rébecca, alimvuta Constant pembeni na kumwonyesha kreti ya bia.

"Ya ndoa," alinong'ona. "Sufuria niliuzisha mie. Bibi yangu asijue."

Kabla Constant hajashukuru, Anselme, mlinzi wa kanisa, alimsukumia jogoo kifuani. "Ya kengele," akasema, akaenda zake haraka.

Glodie alisimama na kiatu chake kimoja, akamtazama Constant, akamtazama jogoo, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha furaha ikamkatika ghafla.

"Bia iko, kuku iko," alisema. "Na mahari? Papa anataka ng'ombe, na Jumamosi ni kesho."

Papa Paul alikuwa amewafikia. Aliangalia kwanza kama Donatien yuko mbali. Kisha akachukua mkono wa binti yake, akauweka ndani ya mkono wa Constant.

"Ng'ombe ya Donatien nilishakula mie," alisema, "na kifungo yake alifungwa huyu kwa ajili yangu. Mahari imeisha kulipwa."