Jina Chini ya Picha

"Jichoreni wenyewe," mwalimu aliwaambia watu wazima waliokuja kituoni kutibiwa huzuni kwa kuchora. Mwanahija akachora sufuria, mwiko na mikono miwili.

"Hongera, Mama Sudi," mwalimu akasema, akaliandika jina hilo chini ya picha.

"Futa!" Mwanahija alifoka. "Sudi ana miaka thelathini, ana ndevu, anakula kwake. Hii mikono ni yake?"

"Samahani, mama. Jina lako nani?"

Miaka mingapi hakuna aliyemuuliza! Hasira zikampanda upya. Akaichovya brashi kwenye rangi nyekundu, akaandika herufi ya kwanza juu ya picha. Ilikuwa kubwa mno, ikaimeza sufuria yote, na bado zilibaki nane.