Moshi wa Bi Sikudhani

Siku hizi kila jiko lina skrini ndogo ukutani, yenye mstari wa kila mtu wa nyumba. Kadiri unavyovuta moshi wa mkaa, ndivyo hatari yako ya kuugua inavyopanda. Inapanda kwa kasi, halafu kule juu mstari unalala tambarare. Aliyefika huko, moshi zaidi haumwongezei kitu, kwa hesabu ya watu wa takwimu. Ndiyo maana sheria inasema apike yeye.

Kwetu aliyefika kule juu alikuwa mama mkwe wangu, Bi Sikudhani. Tangu siku hiyo hatukuwasha mkaa sisi wengine. Baadaye majirani ambao kwao hajafika mtu wakaanza kuleta majiko yao, wakayapanga uani kwetu kwa adabu zote.

"Leteni tu," alikuwa akiwaambia, kikohozi kikimkatisha. "Mimi siongezeki."

Tulimzika Jumanne. Watu wa takwimu walikuja wakatazama mstari wake, wakasema kifo hiki kimo ndani ya makadirio. Wakatupa pole, wakanywa chai.

Matanga yalipoanuliwa, nilimkuta mume wangu jikoni, amesimama mbele ya skrini. Alikuwa anautazama mstari wangu.

"Mama Tausi," akasema kwa upole, "umebakiza kidogo tu ufike."

Uani nilisikia majiko yakituliwa chini, moja baada ya jingine. Mume wangu akanipa kipepeo cha moto cha mama yake, kisha akarudi nyuma hadi mlangoni, ameziba pua.