Kopo la Poda

Mnyororo ulikatika saa moja na dakika kumi, katikati ya mteremko wa Shari, mahali ambapo mvua ya usiku ilikuwa imegeuza barabara kuwa uji. Baiskeli ya magurudumu matatu ikasimama. Glodie, aliyekuwa akiiendesha kwa mikono, aliutazama mnyororo uliolala matopeni, akamtazama mama yake, kisha akacheka.

Mama Glodie hakuona cha kuchekesha. Mlango wa kituo cha mtihani wa darasa la sita hufungwa saa moja na nusu kamili, na anayechelewa hungoja mwaka mzima. Tangu alfajiri chai haikupita, na sala aliisahau katikati akaanza upya mara mbili. Glodie yeye alikula maandazi manne na kuimba njia nzima, na katika mfuko wake, chini ya daftari, alikuwa ameficha kopo la poda, ile ya kumwagiana kichwani mtihani ukiisha. Mama yake alikuwa amemkataza kuibeba, maana mtu hashangilii kabla ya siku yake. Lakini nani anamkataza Glodie kitu akaacha?

Miguu ya mtoto huyo haikupata nguvu tangu kuzaliwa. Miaka saba iliyopita shule tatu zilimkataa. Ya nne ilimpokea kwa sharti moja: mama abaki naye, amtoe nje akihitaji kutoka. Basi kila asubuhi Mama Glodie alimbeba mgongoni, akamweka kwenye dawati la mwisho, naye akakaa kando yake akichambua maharagwe ya kuuza. Mwalimu alivumilia wiki mbili ile kelele ya punje zikidondoka ndani ya beseni, kisha akapiga marufuku maharagwe. Tangu siku hiyo mama wa watu alikaa mikono mapajani, hana la kufanya ila kutazama ubao.

Baadaye kikundi cha wazazi wenye watoto walemavu kikasimama. Kila Jumamosi walikutana, wakalia kidogo, wakacheka zaidi, wakagawana kazi. Wengine walibeba mchanga na kumwaga njia za saruji penye ngazi, shule baada ya shule. Kambale, fundi wa moto, yaani pikipiki, naye baba wa mtoto asiyesikia, aliunga vyuma vya pikipiki kuukuu na kumtengenezea Glodie baiskeli yake. Mgongo wa Mama Glodie ukapumzika. Hata hivyo, aliendelea kwenda shuleni kila asubuhi, na majirani walipomcheka aliwajibu kwamba mazoea yana taabu.

Pale mteremkoni, moto moja ya kubeba abiria ilipunguza mwendo ikasimama. Dereva wake, kijana aitwaye Prince, aliona shati jeupe na sketi ya bluu ya Glodie, akaelewa mara moja ni siku gani.

"Mama, panda weye, enda mbele," Glodie alisema. "Miye nitakuja nyuma polepole."

Prince alidhani mama anatumwa kuwasihi wasimamizi wasifunge mlango, akampangusia kiti kwa mkono wa koti. Mama Glodie alikataa katakata. Alimtazama binti yake katikati ya matope yale.

"Tulianza pamoja," alisema. "Tutafika pamoja."

Prince hakubishana na mwanamke mwenye sura ile. Alifungua mipira ya kufungia mizigo, akaifunga baiskeli, Glodie akiwa kitini, nyuma ya moto yake, akaondoka taratibu. Mama Glodie alikimbia nyuma akisukuma, huku akijilinda kwa mkono mmoja matope yasirukie blauzi yake nyeupe, aliyoipiga pasi usiku kucha kana kwamba anakwenda kuolewa. Wanawake waliokuwa wakipanga mikate kando ya barabara waliacha kazi yao.

"Courage, mutoto! Utapasi tu!" mmoja aliita.

Glodie aliwapungia kama bibi arusi. Mama Glodie alijibu amina kimoyomoyo, maana pumzi ya kusema ilikuwa imekwisha.

Walifika zikiwa zimebaki dakika mbili. Prince alikataa malipo, akamtakia mtoto bahati njema na kwenda zake. Msimamizi wa mlangoni, bwana mpole mwenye orodha mkononi, alipoona baiskeli alifungua mlango wote, pande mbili. Alionyesha kwa fahari njia mpya ya saruji iliyopanda hadi chumbani, akamwambia Glodie apite taratibu, hakuna atakayemsukuma. Mama Glodie alipotaka kupita naye, msimamizi aliweka mkono mbele yake.

"Hapana, mama. Wazazi wanabakia inje. Utamuvuruga mutoto akili."

Mama Glodie alimnyooshea karatasi ya kuingilia mtihani, iliyolowa jasho la kiganja chake. Msimamizi aliisoma, akatafuta namba arobaini na moja kwenye orodha, akatia alama, kisha akainama kwa tabasamu mbele ya baiskeli.

"Haya, Pétronille, ingia. Banc yako ya kukalia iko mbele, pembeni ya dirisha."

Glodie hakugusa usukani. Alitoa kalamu mbili mfukoni mwake, akaziweka mkononi mwa mama yake na kukifunga kiganja chake.

"Pétronille ni huyu," alisema. "Miye nilishapasi mwaka jana. Leo niko musindikizaji tu, nitamungojea hapa inje na poda yangu."