Uso wa Vifungo

Siku hizi kitu kikivunjika ni mali ya kiwanda, na ikifika saa sita mchana mkusanyaji anapiga hodi kukichukua. Nguo za marehemu mume wangu, Shekuwe, nilizigawa baada ya arubaini kama desturi yetu, lakini vifungo nilivikata kwanza. Nikavichanganya na vigae vya kikombe chake, kioo cha miwani na bati la redio, nikavibandika ukutani kwa gundi mpaka sura yake ikatokea. Nilidhani kitu kikishapata kazi tena hakiitwi kibovu.

Mkusanyaji akaelekeza kipimo chake ukutani.

"Vifungo. Vigae. Kioo. Bati," kipimo kikasoma.

"Huyo ni mume wangu," nikamwambia. "Kwani huoni?"

"Namwona, bibi. Ila kipimo hakisomi sura."

Akaanza kubandua taratibu, macho kwanza. Nilipoinuka kumzuia, kipimo kikalia tena, mara hii kikinielekea mimi.

"Nyonga moja, ya chuma."

"Hiyo bado inafanya kazi!" nikafoka.

"Ni kweli, bibi," akajibu kwa adabu. Kisha akaniuliza nimezaliwa mwaka gani.