Jiwe Jeupe la Mtoni

"Ama-le, jiwe linaonekana?" Rigzin aliniuliza, akiniita mama kwa lugha yetu, akiwa nje ya hema langu la kuuzia chai ya siagi, helmeti tayari kichwani.

Rigzin huwaongoza wageni wa pikipiki kuvuka mto wetu. Jua likipanda, barafu ya juu huyeyuka na maji hujaa. Jiwe jeupe likishafunikwa, havuki mtu.

Nilikuwa kwenye ushanga wa tisini wa tasbihi yangu ya shanga mia na nane. Zilibaki kumi na nane, na sikutaka kupoteza hesabu ya sala.

"Linaonekana," nikajibu bila kuinuka kutazama.

"Na leo hunitukani kama kila siku, mama? Haya, waombee hawa wageni wangu saba wazee. Wanaendesha kama wamebeba mayai!"

Akacheka, wakashuka bondeni wakinguruma.

Nilimaliza shanga zote, nikazigusisha kwenye paji la uso. Ndipo nikatoka na birika kuchota maji.

Pale penye jiwe palikuwa na povu tu. Chini yake mawe yalikuwa yakibingirika. Niliyasikia hadi kwenye nyayo.

Pikipiki nane zilishuka, pamoja na ya Rigzin. Ng'ambo zilikuwa zikipanda mlima. Nilizihesabu kwa shanga, moja moja: saba.

Nikahesabu tena.